Sura ya Sita: Kinachobaki Ukungu Ukiinuka

Kaskazini mwa Italia, mto Po hutiririka kilomita 650 hivi kutoka milima ya Alpi hadi Bahari ya Adriatiki. Bonde lake limezibwa karibu pande zote: Alpi magharibi na kaskazini, Apenini kusini. Upande wa mashariki tu ndio ulio wazi, na majira ya baridi upepo wa huko ni hafifu. Usiku usio na mawingu ardhi hupoa haraka, hewa inayogusa udongo nayo hupoa, na ile yenye joto zaidi huikalia juu. Chochote kinachotolewa chini hubaki chini. Na kinachotolewa si haba: moshi wa magari ya Torino, Milano na Bologna, amonia ya mazizi ya ng'ombe na nguruwe wanaolisha biashara ya jibini na nyama ya Parma, na kitu ambacho msomaji wa Afrika Mashariki huenda asikitarajie Ulaya, yaani moshi wa kuni. Nyumba nyingi za bondeni hadi leo huota moto wa magogo, au wa vumbi la mbao lililoshindiliwa kuwa vipande vidogo.

Kisha ukungu unashuka. Kwa wataalamu wa hali ya hewa, ukungu ni pale macho yanaposhindwa kuona mbali zaidi ya mita 1,000. Katika bonde la Po mara nyingi hayafiki hata 100. Hatari yake kwa wasafiri inajulikana vizuri. Tarehe 8 Oktoba 2001 ndege mbili ziligongana kwenye uwanja wa Linate, Milano, ndani ya ukungu mzito, na watu 118 wakafa. Lakini ukungu huo huo hufanya kazi nyingine ambayo haipigi king'ora wala haiandikwi magazetini. Hushika moshi wa usiku kucha, ukaubadilisha, na jua likichomoza ukaurudisha hewani ukiwa kitu kingine. Sura hii inahusu kazi hiyo.

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba ukungu ni maji tu, na kwamba maji husafisha. Nusu ya kwanza ya imani hiyo ilivunjwa zamani. Mwaka 1875 Mfaransa Paul-Jean Coulier, na miaka michache baadaye Mskoti John Aitken, walifanya jaribio ambalo shule yoyote ya sekondari inaweza kulirudia. Aitken alichukua vyombo viwili vya kioo. Kimoja kilikuwa na hewa ya kawaida ya chumbani, kingine hewa iliyopitishwa kwenye pamba ili vumbi lichujwe. Akaingiza mvuke katika vyote viwili. Chombo cha hewa ya kawaida kikajaa weupe mzito. Cha hewa iliyochujwa kikabaki angavu, mvuke ukaishia kulowesha kuta zake. Mvuke wa maji, kwa unyevu tulionao duniani, haujikusanyi wenyewe kuwa tone. Unahitaji mahali pa kutua, na mahali hapo ni chembe. Kila tone la ukungu, hata lile la mlimani linaloonekana safi kabisa, lilianzia kwenye uchafu.

Chembe hizo, ngumu au za majimaji, zinazoelea hewani bila kuanguka upesi, ndizo sayansi inaziita erosoli. Zipo za chumvi ya bahari, za vumbi la jangwa, za salfeti. Zinazotuhusu hapa ni za ogani, zile ambazo kiini cha molekuli zake ni kaboni: mafuta yanayoruka kutoka kikaangoni, moshi wa kuni na dizeli, mivuke ya misitu iliyoungana na oksijeni ikawa mizito. Kutegemea mahali, zinachukua kati ya asilimia 20 na 90 ya uzito wa chembe ndogo zote hewani. Na ni fujo. Salfeti ni salfeti popote utakapoikuta, lakini sampuli moja ya erosoli ya ogani ina maelfu ya molekuli tofauti, nyingi hazina hata jina. Hii ndiyo sababu kubwa iliyowafanya wanakemia wa anga wazikwepe kwa muda mrefu. Walianza na salfa kwa kuwa salfa inahesabika.

Inashangaza jinsi maji yanayofanya kazi hii yalivyo machache. Mita moja ya ujazo ya ukungu ina takriban sehemu moja ya kumi ya gramu ya maji, wakati mwingine pungufu ya hapo. Chukua chumba cha mita 4 kwa 4, dari ikiwa mita 3 juu, ukijaze ukungu ambao hautaona mkono wako vizuri ndani yake: maji yote ya chumbani hayatazidi gramu tano, kijiko kimoja cha chai. Lakini kijiko hicho kimegawanyika katika matone ya upana wa maikromita 10 au 20, membamba kuliko unywele, na jumla ya nyuso zake ni kubwa mno. Kila uso ni mlango wa kuingilia.

Nani anaingia? Chembe zenyewe huingia kwanza, lakini si zote. Katika miaka ya 1920 Msweden Hilding Köhler alionyesha kwamba nguvu mbili hushindana juu ya chembe inayotaka kuwa tone. Umbo la mviringo mdogo sana huyafanya maji yakimbie, kwa kuwa uso uliopinda huachia molekuli zake kwa urahisi. Chumvi na vitu vingine vilivyoyeyuka huyavuta maji yarudi. Chembe kubwa yenye vitu vya kuyeyuka hushinda. Chembe ndogo, au iliyopakwa mafuta yasiyopatana na maji, hushindwa na kubaki ikielea katikati ya matone, kavu kiasi, hadi asubuhi.

Vipimo vya bonde la Po vinaonyesha ubaguzi huo waziwazi. Ukungu unapotanda, asilimia 70 hivi ya nitrati huchukuliwa na matone, na salfeti asilimia 60 na kidogo. Erosoli ya ogani huchukuliwa karibu nusu. Masizi, yale meusi ya injini na moto, ni kama asilimia 40 tu. Ukisikia mtu akisema ukungu umeosha hewa, muulize umeosha nini. Umeondoa zaidi vile vinavyopenda maji, na vile visivyopenda maji umevibakiza. Mwenye kupumua ndani ya ukungu anavuta hewa ambayo sehemu ya masizi ndani yake imeongezeka kulinganisha na chembe nyingine zilizobaki kavu.

Watafiti wa Bologna, Sandro Fuzzi na Maria Cristina Facchini miongoni mwao, wamekuwa wakikusanya maji ya ukungu tangu miaka ya 1980 huko San Pietro Capofiume, kijiji cha mashambani kilomita 30 hivi kutoka mjini. Chombo chao ni rahisi: feni huvuta ukungu upite katikati ya nyuzi zilizosimamishwa wima, matone hugonga nyuzi, huungana na kuteremka hadi kwenye chupa. Maji ya chupa hiyo si ya kunywa. Mwaka 1999 Facchini na wenzake walionyesha kwamba molekuli za ogani zilizomo hupunguza mvutano wa uso wa maji, baadhi ya sampuli hadi kwa karibu theluthi moja, kwa namna ambayo sabuni hupunguza. Tone lenye mvutano mdogo hukua kwa urahisi zaidi. Yaani moshi haungoji tu kubebwa na ukungu. Unausaidia ukungu kuzaliwa.

Wageni wa pili wa tone si chembe bali gesi, na hapa ndipo habari inaponoga. Kila gesi ina kiwango chake cha kupenda maji. Methani haipendi kabisa. Inapita pembeni ya tone kana kwamba halipo. Glaioksali, molekuli ndogo inayozaliwa mivuke ya miti na ya petroli inapoungua taratibu hewani, inapenda maji kupita kiasi: ikiingia hujishikiza na molekuli za maji na haitoki kirahisi. Nje ya tone isingekuwa chembe kamwe, ni nyepesi mno. Ndani ya tone hukutana na radikali za haidroksili, vipande vya molekuli vyenye hamu kali ya kuvamia chochote, na hatua kwa hatua hugeuzwa kuwa asidi ya oksaliki. Asidi hiyo ikishikana na amonia, ambayo bonde la ng'ombe na nguruwe halikosi, huwa chumvi isiyoruka. Tone likikauka, chumvi inabaki. Gesi imekuwa chembe.

Hadi mwaka 2000 hivi, hesabu nyingi za erosoli ya ogani zilidhani kwamba chembe mpya huzaliwa katika hewa kavu tu. Mwaka huo James Blando na Barbara Turpin wa Marekani walikusanya ushahidi uliokuwa umetawanyika na kusema kwamba matone ya mawingu na ukungu nayo ni mahali pa kuzalia. Wazo lilionekana la pembeni. Kilichokosekana ni mtu wa kuliona likitokea nje ya maabara, katika hewa halisi iliyochanganyika na kila kitu.

Bonde la Po ndilo lililotoa ushahidi huo, na moshi wa kuni ndio ulioufichua. Gogo linapoungua kwa moto hafifu, selulosi yake hutoa sukari iitwayo levoglukosani, ambayo ni alama nzuri ya moshi wa kuni kwa sababu karibu haina chanzo kingine. Lignini, gundi inayoufanya mti usimame, huvunjika kuwa fenoli za aina aina: guaiakoli, siringoli na ndugu zao. Harufu ya samaki wa kukaushwa kwa moshi ndiyo hiyo. Fenoli nyingi huondoka motoni zikiwa gesi, hivyo chujio la moshi halizigusi sana, na kipimo cha chembe kwenye bomba la kutolea moshi hakizioni. Usiku zinaingia katika matone na katika chembe zilizolowa. Mwaka 2016 Stefania Gilardoni na wenzake walichapisha matokeo ya vipimo vya Bologna na San Pietro Capofiume: waliona, moja kwa moja hewani, erosoli mpya ikiundwa ndani ya maji kutokana na gesi za moshi wa kuni. Haikuwa mabaki ya moshi wa jana. Ilikuwa chembe ambayo haikutoka motoni kabisa.

Jinsi fenoli zinavyogeuka inastahili kuelezwa, kwa sababu moshi hapa unajigeuza wenyewe. Baadhi ya molekuli za moshi hufyonza mwanga. Zikifyonza hupanda nishati, na kabla hazijatulia huivamia fenoli iliyo karibu. Cort Anastasio na wenzake wa Davis, California, wamepima shughuli hiyo katika maji ya ukungu na kukuta kwamba inashindana na ile ya radikali za haidroksili. Fenoli zilizovamiwa huungana mbili mbili, tatu tatu, hushika oksijeni, huwa nzito. Pia hubadilika rangi. Chupa ya maji ya ukungu uliopita kwenye moshi huelekea umanjano na kahawia, na chembe zinazobaki nazo hufyonza mwanga wa jua badala ya kuurudisha angani. Jambo hili huwasumbua wenye kukokotoa joto la dunia, kwa kuwa kwa miaka mingi erosoli ya ogani ilihesabiwa kama kitu cheupe kinachopoza.

Kuna mgeni mmoja zaidi ninayempenda kwa utundu wake. Formaldehaidi na dioksidi ya salfa zikikutana ndani ya tone lisilo na asidi kali, huungana kuwa molekuli iitwayo haidroksimethanisalfoneti. Ina kaboni na ina salfa, na baadhi ya mashine za maabara huisoma kama salfeti ya kawaida. Ilipatikana katika ukungu wa California miaka ya 1980, kisha ikaonekana katika hewa chafu ya Beijing. Bila tone isingekuwepo. Ni jambo la kufikirisha kwamba sehemu ya kile kilichoandikwa kwenye majedwali kuwa salfeti ilikuwa ya ogani kwa siri.

Sasa jua limepanda. Sehemu ya matone imeshatua juu ya majani, paa na udongo, pamoja na kila kilichokuwemo. Huo ndio usafi wa kweli wa ukungu, na si wa kupuuzwa. Lakini matone mengi hayatui. Hukauka pale pale yalipo. Ni kama sufuria ya mchuzi iliyosahauliwa jikoni: maji yanakwenda, kilichoyeyuka kinabaki na kukolea. Chembe iliyoingia ikiwa na upana wa, tuseme, maikromita 0.2 inatoka ikiwa na 0.5 au 0.7, imebeba chumvi, asidi na vipande vya moshi ambavyo jana vilikuwa gesi. Ina oksijeni zaidi. Inanyonya unyevu kwa urahisi zaidi, hivyo usiku unaofuata itakuwa ya kwanza kuwa tone.

Ukubwa huo mpya si wa bahati. Katika hewa ya Los Angeles mwaka 1982 Susanne Hering na Sheldon Friedlander waligundua kwamba chembe za salfeti zilijipanga katika makundi mawili ya ukubwa, moja karibu na maikromita 0.2 na jingine zaidi kidogo ya 0.5. Baadaye ilieleweka kwamba kundi kubwa ni zao la ukungu na mawingu. Ukuaji wa kawaida katika hewa kavu usingelifikisha hapo. Urefu wa mawimbi ya mwanga tunaouona ni kati ya maikromita 0.4 na 0.7. Chembe zinazolingana na mawimbi hayo ndizo zinazoutawanya mwanga kwa nguvu kuliko zote. Ndiyo maana ukungu ukiinuka bondeni, milima mara nyingi haionekani bado. Kinachozuia macho si maji tena.

Mtu atauliza habari za London. Kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952 mji ule ulifunikwa na ukungu wa moshi ulioua watu wapatao 4,000 kwa hesabu ya wakati ule, na hadi 12,000 kwa hesabu za baadaye. Msiba huo ulileta sheria ya hewa safi ya mwaka 1956, na ukafanya kila mazungumzo kuhusu ukungu na uchafu yawe mazungumzo kuhusu makaa ya mawe na salfa. Naona urithi huo ulikuwa na faida na gharama. Salfa ilidhibitiwa Ulaya, ukungu wa bonde la Po ukapungua ukali wa asidi yake, na watu wakadhani kisa kimekwisha. Wakati huo huo kuni zilirudi sebuleni zikisifiwa kuwa nishati ya asili, isiyoongeza kaboni duniani. Hakuna aliyekuwa akizitazama fenoli.

Kwetu, kuni na ukungu hukutana kila siku Limuru, Lushoto na Kabale. Mazingira si yale yale. Ukungu wa miteremko ya Usambara mara nyingi ni wingu linalogonga mlima, likisukumwa na upepo, na tone halipati saa nyingi za kukaa na moshi wa jiko moja. Ukungu wa mabonde ya Kabale unafanana zaidi na wa Po: hewa baridi huteremka usiku kutoka vilimani, hutuama chini, moshi wa jioni ukiwa ndani yake. Jua la karibu na ikweta huuvunja mapema, na pia humwaga mwanga mwingi zaidi juu ya molekuli zilizokwisha kuingia majini. Hata mti una neno: moshi wa mkaratusi hutoa guaiakoli na siringoli pamoja, wa msonobari hutoa guaiakoli kwa wingi na siringoli kidogo mno. Anayechagua miche ya kupanda kwa ajili ya kuni anachagua pia kemia ya asubuhi.

Ukungu wenyewe unapungua. Katika Bonde la Kati la California uliongezeka kutoka miaka ya 1930 hadi karibu 1970, kadiri uchafu ulivyozidi, kisha ukashuka kwa karibu robo tatu katika miongo iliyofuata sheria za hewa. Aitken asingeshangaa, chembe zikipungua, matone nayo hupungua. Bonde la Po limeona mshuko pia. Lakini kazi iliyoelezwa hapa haihitaji ukungu kamili. Unyevu ukikaribia asilimia 100, chembe hulowa na kuvimba hata kama macho bado yanaona hadi kijiji cha pili, na ndani ya maji hayo machache fenoli zinaendelea kuungana. Kwa makadirio ya kundi la Gilardoni, njia hii ya maji huongeza Ulaya kati ya tani 100,000 na 500,000 za erosoli ya ogani kila mwaka, kutokana na moshi wa kuni peke yake.

Mikoa ya bonde la Po imechukua hatua kuhusu stovu. Tangu mwaka 2017 Italia huzipa nyota, kuanzia moja hadi tano, na zile za nyota chache hazikubaliwi tena kuwekwa katika mikoa hiyo, au huzimwa uchafu unapokithiri. Nyota hutolewa kwa kupima chembe, monoksidi ya kaboni, oksidi za nitrojeni, ufanisi wa joto, na jumla ya kaboni ya ogani inayotoka ikiwa gesi. Kipimo hicho cha mwisho ni hatua njema. Ila ni jumla: gramu ya methani, isiyojali maji, na gramu ya guaiakoli, ambayo kabla ya mapambazuko itakuwa imeshaingia ndani ya tone, zinaandikwa kwenye fomu kama kaboni tu.